Siku Niliyoongoza Msafara wa Vikopo

Kuna watu pale Tabora mjini ambao mpaka leo wakiniona nimevaa sare wanageukia ukutani kwanza, wakishamaliza kucheka ndipo wananisalimia, na mimi siwalaumu hata kidogo, kwa sababu walichokiona siku ile kingemtokea jirani yangu ningekisimulia mpaka misibani. Tatizo ni kwamba wengi wanakisimulia vibaya (wapo wanaosema nilikuwa nimevuta bangi, wapo wanaosema nilirogwa na mke wa baba mdogo, ambaye maskini hakuwepo hata mkoani), kwa hiyo nimeona heri niwasimulie mwenyewe, pamoja na aibu yake yote.

Mimi ni Maganga, mtoto wa mzee Shija wa Ntalikwa, mkulima na mfuga nyuki. Nilipomaliza shule nilikaa nyumbani nikilima karanga na kumsaidia baba kwenye mizinga, huku moyoni nina jambo moja tu, jeshi, na jambo hilo alikuwa nalo pia Kashindye, mtoto wa mama mkubwa kutoka Igalula, ila yeye umri ulikuwa unamkimbia, mwaka ule ndio ulikuwa wa mwisho kukubaliwa, ukipita huo basi tena. Usaili ulipotangazwa akapanda treni akaja kulala kwetu, na usiku ule alilala amenyoosha mikono ubavuni kama mtu aliyekwisha pangwa kwenye gwaride.

Sasa mimi nilikuwa na mafua. Mnajua Tabora miezi ile ya kiangazi miembe inapotoa maua na vumbi linapanda, kuna sisi ambao pua zetu haziwezi, macho yanakuwa mekundu, unapiga chafya mpaka mbuzi wanakuhama. Asubuhi tunakunywa uji, Kashindye akanitazama kwa muda mrefu.

"Maganga, leo wanapima dawa za kulevya," akasema. "Na nimesikia kabla hawajapima wanaangalia macho na pua. Mwenye macho mekundu, anayevutavuta pua, huyo wameshamjua ni wa unga."

Nani alimwambia, mpaka leo hajui. Lakini neno lile liliniingia. Tukiwa njiani nikapita duka la dawa, dada wa pale akanipa vidonge vya njano vya mafua, akavifunga kwenye karatasi na kuniambia taratibu, kama anayemwambia mtoto, "Kimoja tu, na umeze usiku ukienda kulala." Nikamshukuru, nikatoka nje, nikameza viwili na maji ya mfuko, saa hiyohiyo, jua linachomoza.

"Umemeza viwili?" Kashindye akauliza.

"Matundu ya pua si ni mawili?"

Hapo ndipo yote yalipoanzia. Ningemeza kimoja pengine leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Usaili ulikuwa kwenye uwanja wa shule moja mjini. Tulipokelewa na sajini mwanamke, Afande Tabu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini ambaye ili umsikie ilibidi mnyamaze wote, na tulinyamaza. Akatuambia kwamba mbio na misuli angeviona kesho, leo anataka kujua kilichomo ndani yetu. "Anayekuja hapa na dawa mwilini," akasema, "siku moja atakuwa na bunduki mkononi na mwenzake amelala nyuma yake anamtegemea. Mimi nimewahi kuwa yule aliyelala." Kisha akatoa maelekezo, na naomba myashike maelekezo haya maana ndiyo utetezi wangu: kila mtu atatoa mkojo wake kwenye kikopo cha plastiki chenye namba yake, atakishika kwa mikono miwili, tutapanga mstari kwa kimo, aliye mbele ataongoza mpaka mlango wa kijani, ndani kuna daktari. "Anayefuata anamfuata aliye mbele yake. Hakuna kuongea, hakuna kuuliza, hakuna kumwaga."

Kwa kimo mimi ndiye niliyekuwa mrefu kuliko wote. Kashindye akawa nyuma yangu.

Kutoa mkojo kulikwenda salama, mlangoni amesimama koplo mmoja anaangalia juu ya dari kwa heshima. Tukajipanga juani, vikopo vifuani, vya moto kidogo, na Afande Tabu akaniambia, "Nakwenda kumwangalia daktari kama yuko tayari. Nikikupungia mkono, njooni." Akaenda. Nikabaki nimesimama mbele ya vijana zaidi ya ishirini, jua linanipiga kisogoni, na ndipo vile vidonge vya njano vikafika vilikokuwa vinakwenda.

Sijui nielezeje. Haikuwa usingizi ule wa kuanguka. Ilikuwa kama mtu amekuja nyuma yangu akanifunika shuka jepesi la pamba, kelele za mji zikasogea mbali, jua likageuka rangi ya samli na kila kitu uwanjani kikaanza kuelea polepole, majani, vumbi, shati la koplo kwenye kamba. Macho yalikuwa wazi (Kashindye anasema yalikuwa wazi kabisa, na ndiyo maana hakushtuka), lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaondoka.

Sasa ule uwanja ulikuwa na geti dogo la pembeni, na mtu aliyelipaka rangi, Mungu amsamehe, alilipaka rangi ya kijani. Dakika hizo likawa limefunguliwa ili mkokoteni wa maji uingie, na mwenye mkokoteni akampungia mkono mlinzi wa shule kumwambia asante. Mimi nikaona kijani. Nikaona mkono unapunga. Nikaanza kutembea.

Na wao wakanifuata. Wangefanyaje? Yule mlinzi, mzee aliyezoea wanafunzi watoro wanaoruka ukuta, alipoona mstari wa vijana wenye nyuso nzito wameshika vikopo kwa mikono miwili kifuani, alilifungua geti wazi zaidi, akasimama wima, akatupigia saluti.

Nje kuna ile barabara ya miembe mikubwa, mnaijua, ile ambayo wazee wanasema haikupandwa na mtu, ilijiotea kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara, wapagazi waliokuwa wanapita hapa na pembe na vitambaa na ushanga wakienda na kurudi pwani. Babu yake baba alikuwa mmoja wao. Nyumbani kwetu haisimuliwi sana habari yake, wanasema tu kwamba alikuwa na kovu begani mahali mzigo ulipokaa na kwamba alikuwa akitembea hata amekaa, yaani miguu inatikisika yenyewe. Mimi sikuwahi kumfikiria sana. Lakini siku ile nilipoingia kwenye kivuli cha ile miembe nikasikia nyuma yangu miguu mingi inakanyaga vumbi kwa pamoja, taratibu, tup, tup, tup, na nikajua, bila kushangaa, kama vile mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba niko kwenye msafara.

Mwanga ulikuwa unashuka katikati ya majani vipandevipande, unatua mikononi mwangu na kuondoka. Harufu ya maua ya miembe, ile iliyokuwa inaniua pua, sasa ilikuwa tamu. Mkononi nilikuwa nimebeba kitu cha thamani, chepesi na cha joto, sikumbuki nilidhani ni nini, nilijua tu kwamba kimetoka mbali, kwamba watu wa mbele wanakisubiri, na kwamba nikikidondosha safari nzima imeharibika, kwa hiyo nilitembea kama ninayetembea juu ya maji. Kando ya njia niliona watu wamesimama. Niliona bodaboda zimezimwa, madereva wamevua kofia ngumu. Mama mmoja mwenye kanga ya kijani (huyu alikuwepo kweli, Kashindye alimwona pia) alidhani tuna jambo la kanisani, akapiga ishara ya msalaba na kuinamisha kichwa mpaka tulipokwisha kupita. Hakuna aliyetucheka. Nilisikia amani ambayo sijui kama nimewahi kuisikia tena, nikawaza kwamba tukitembea hivi mpaka jioni tutafika kambini, na kuna mtu ameshawasha moto.

Kashindye anasema alianza kupata wasiwasi tulipopita msikiti. Alipotaka kuninong'oneza alikumbuka hakuna kuongea. Alipotaka kusimama alikumbuka amfuate aliye mbele yake. Akajiambia labda daktari yuko sokoni.

Na sokoni ndiko tulikofika, upande wa wauza asali, na aliyetusimamisha alikuwa mzee Sudi. Mzee Sudi amezaliwa hapohapo mjini, baba yake aliuza asali na babu yake aliuza asali, na asali ya mizinga ya baba yangu yeye ndiye anayeinunua miaka yote, kwa hiyo mimi ananifahamu tangu nabebwa mgongoni. Alisimama mbele yangu na kanzu yake na koti, akakitazama kikopo changu, akakiinamisha kidogo kwa kidole ili kipate mwanga, akafunga jicho moja.

"Mtoto wa Shija," akasema, "hii ya nani? Nyepesi sana. Wamekuchanganyia maji."

Nilijaribu kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba mzigo huu si wa kuuza, unakwenda mbele, lakini ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, nikasema "shikamoo" tu, kisha nikaisema tena.

"Marahaba, marahaba. Na hawa wote?" Akapita kwenye mstari anatazama kimoja baada ya kingine, mfanyabiashara kazini. "Hiki angalau kina rangi. Hiki cha huyu ni asali ya nyuki wadogo. Mnauzaje kikopo?"

Ndipo Kashindye, baada ya kuvumilia njia nzima, akavunja amri. "Mzee, shikamoo. Hii haiuzwi. Hii ni ya serikali."

"Serikali imeanza lini kurina asali?"

"Siyo asali, mzee," Kashindye akasema, na sauti ikamshuka. "Ni mikojo."

Mzee Sudi akakitazama kile kidole chake. Na mimi, hapohapo, nikaanza kurudi, polepole, kama ndoo inayovutwa kutoka kisimani: nikaona kwanza mitungi ya asali, halafu mizani, halafu nyuso, nyuso nyingi mno, halafu nikatazama chini nikaona mikononi nimeshika nini. Mtu mmoja nyuma ya magunia akaanza kucheka kwa pua, akajizuia, akashindwa, na baada ya hapo soko zima likaenda naye. Wanawake walikaa chini. Muuza dagaa mmoja alilia machozi. Vijana wenzangu walikuwa wamesimama vilevile kwenye mstari, vikopo vifuani, hawajui kama kucheka nako ni kuongea.

Afande Tabu alifika kwa bodaboda, kofia ameishika mkononi isipeperuke. Alishuka, akamlipa dereva, akautazama mstari wote kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hakupandisha sauti. "Geukeni nyuma," akasema. Tukageuka, aliyekuwa wa mwisho akawa wa kwanza, na tukarudi njia ileile, ila safari hii nilikuwa macho kiasi cha kutosha kuona kila aliyekuwa anacheka, na nyuma yangu, badala ya wapagazi, kulikuwa na nusu ya soko.

Uwanjani daktari alikuwa anatusubiri mlangoni, mtu mwembamba wa miwani, amekasirika kwa sababu gari lilitakiwa kumchukua mchana kwenda Igunga ambako wengine walikuwa wanamngoja. "Mkojo uliotembea sokoni siupimi," akasema. "Nitajuaje kama ni wao? Wamwage wote, watoe upya. Asiyetoa kabla gari halijaja, huyo kwangu hakuja."

Ndugu zangu, mtu aliyetoka kujikamua asubuhi, akatembea juani, akafedheheka mbele ya watu, hana mkojo. Tulikunywa maji ya ndoo yakaisha. Mmoja mmoja waliingia chooni wakatoka wanatikisa kichwa. Mimi walinitenga pembeni, chini ya ulinzi wa koplo, maana kwa hali niliyokuwa nayo, kope zinashuka, maneno yanavutika, hakuna aliyekuwa na shaka tena kuhusu mimi. Lakini sikuwa najifikiria mimi. Nilikuwa namtazama Kashindye amechuchumaa ukutani, mtu ambaye hajawahi kugusa hata sigara, mwaka wake wa mwisho unakwisha kwa sababu alinifuata bila kuuliza. Nikamwita nikamwambia, "Kaka, nisamehe."

"Usiniombe samahani," akasema bila kunitazama. "Niombee mkojo."

Aliyetuokoa alikuwa mzee Sudi. Alikuja mpaka getini, kicheko kimeshamwisha, nyuma yake muuza kahawa na birika lake na makaa yake, akamwambia Afande Tabu kwamba vijana hawa wametembea, na kwamba kahawa chungu haimwachi mtu na mkojo wake. Afande akamtazama daktari, daktari akasema kahawa haina neno kwa vipimo vyake. Afande akamimina kikombe cha kwanza akanywa mwenyewe mpaka chini, akasubiri kidogo, ndipo akasema tupewe. Tukanywa tumechuchumaa kama wazee wa barazani, na baada ya muda mtu wa kwanza akainuka haraka, halafu wa pili, halafu ikawa foleni. Kashindye alitoa gari likiwa limeshafika, dereva anapiga honi. Alitoka chooni na kikopo chake amekishika juu kidogo, na wenzake wakampigia makofi, naye akawa na haya kama bibi harusi.

Mimi nilipimwa peke yangu. Daktari alizamisha kijiti, akasubiri, akatazama, akachukua kingine akazamisha tena. "Huyu hana kitu," akasema. "Hana bangi, hana chochote."

"Mtazame alivyo," Afande Tabu akasema.

"Namtazama. Ndugu, umekula nini leo?"

Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa ile karatasi ya vidonge. Daktari akaifungua, akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza. Afande Tabu hakucheka. Alitoka nje akawauliza wale wengine, "Nyinyi wenye akili timamu, mlimfuata kwa nini?" na nikamsikia Kashindye anajibu, kwa adabu tu, "Afande, ulisema tumfuate aliye mbele na tusiulize." Aliporudi akaniambia, "Basi na mimi nimo kwenye kosa. Kwa dawa ya mafua sikukatai. Lakini wewe, lindoni nitakuja kukuangalia mwenyewe."

Nyumbani habari ilinitangulia. Mama alichukua vile vidonge vilivyobaki akavitupa chooni. Baba alikuwa anachonga mzinga, hakuinua kichwa. "Sudi anasema asali yako nyepesi," akasema, akaendelea kuchonga, na mabega yakawa yanamtikisika.

Tulichukuliwa wote wawili. Afande Tabu hakusahau ahadi yake: miezi yote ya mafunzo, usiku wa zamu yangu, ningesikia kokoto zinalia gizani na ile sauti ya chini ikiuliza, "Uko macho, Maganga?" na nilikuwa macho kila mara, maana mtu ambaye kambi nzima inasubiri asinzie hawezi kusinzia hata akitaka. Kwenye taarifa yangu ya kwanza ya utumishi aliandika kwamba mimi ni mlinzi mzuri. Niliisoma nikiwa nimesimama.

Kikosini kwetu kulikuwa na kijana mmoja ambaye majibu yake ya siku ya kwanza yalikuwa safi, akitamba nayo, akituita sisi wa Tabora watu wa kahawa. Mwaka wa pili akakutwa lindoni amelewa gongo, bunduki iko kwenye majani, na aliyekuwa amelala nyuma yake akimtegemea alikuwa Kashindye. Hakuna kibaya kilichotokea, kwa rehema tu, na yule kijana akarudishwa kwao. Sisemi vipimo havina maana, nimeshaona vilivyowazuia watu ambao kweli hawakufaa kupewa silaha. Nasema kikopo kinajua ya siku ile. Ya kesho inabidi mtu aje akikanyaga kokoto gizani aulize. Kashindye leo ni mkufunzi wa makuruta, na maelekezo yake ya kwanza kwao huwa ni kwamba ukiona anayekuongoza anakwenda pasipoeleweka, uliza.

Mimi nimeapa, na kiapo changu nimekishika: kidonge chochote sitameza mpaka nimeambiwa mara mbili kinafanya nini na saa ngapi. Lakini kwa kuwa nimeshajivua nguo mbele yenu, niwaambie na hili. Nimepewa kuongoza watu mara nyingi tangu hapo, nikiwa na akili zangu zote, mchana na usiku, na kila mara nasikia nyuma yangu watu wanasita, wananong'ona, wananitilia shaka, na ni haki yao. Nikiwa peke yangu nawakumbuka wale zaidi ya ishirini chini ya miembe, miguu yao inakanyaga pamoja, hakuna anayeuliza, hakuna anayemwaga, na mimi mbele yao nimelala fofofo, na naona aibu kusema kwamba sijawahi kuongoza vizuri hivyo tena.